Redio za upepo za dijitali: Kiwango kwanza, bei baadaye

SOMO LA WIKI

KAHAWA ya Kibosho au Machame hainunuliwi mnadani kwa maneno matamu ya muuzaji. Hukobolewa, huchambuliwa na kupangwa katika madaraja yanayojulikana, kama vile AA, A, B na PB. Sampuli huonjwa, na mnunuzi hutaja bei akiwa anajua anachonunua. Kwa kuwa daraja linaeleweka na wote, wanunuzi wengi hushindania gunia lile lile. Kama daraja lingekuwa siri ya mnunuzi mmoja, mkulima angelazimika kupokea bei yoyote ambayo angetajiwa. Wakazi wa Moshi, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa makao ya mnada wa kahawa nchini, wanalielewa jambo hilo bila kufundishwa.

Hali hiyo hiyo ipo katika biashara ya vifaa vya mawasiliano, ila huko mfanyabiashara wa Moshi ndiye mnunuzi. Kampuni za kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, mashamba makubwa ya tambarare, makampuni ya ulinzi, hoteli na wenye malori, wote ni wateja wa redio za upepo. Redio hizo, ambazo zamani zilikuwa za analojia, sasa zinauzwa zaidi zikiwa za dijitali. Mfanyabiashara anapobadili redio zake huwa anafanya uamuzi utakaomfunga au kumpa uhuru kwa miaka kumi au zaidi. Wengi huangalia bei ya kipande kimoja tu. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini kiwango kinapaswa kutangulia bei.

KIWANGO HURIA NI NINI

Kiwango ni maandishi yanayoeleza namna kifaa kinavyopaswa kufanya kazi. Kwa redio, maandishi hayo yanaeleza jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa tarakimu, jinsi tarakimu hizo zinavyorushwa hewani, na jinsi redio moja inavyoiita nyingine. Kiwango kikiwa mali ya siri ya kiwanda kimoja, redio za kiwanda hicho huzungumza zenyewe kwa zenyewe tu. Kiwango kikichapishwa, kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kutengeneza redio itakayosikilizana na za wengine. Hicho ndicho kinachoitwa kiwango huria.

Jina hilo lisimpotoshe mfanyabiashara akadhani kuwa kila kitu ni bure. Ndani ya kiwango huria mara nyingi kuna hataza, yaani haki za uvumbuzi zinazomilikiwa na makampuni. Tofauti ni kwamba wenye haki hizo hutakiwa kutoa leseni kwa masharti ya haki na yasiyobagua, ili mshindani asifungiwe mlango.

Taasisi inayohusika zaidi na somo hili ni ETSI, yaani Taasisi ya Viwango vya Mawasiliano ya Ulaya, iliyoanzishwa mwaka 1988 na yenye makao yake Sophia Antipolis, Ufaransa. Maandishi ya viwango vyake yanapatikana bila malipo. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa kiwango cha TETRA katikati ya miaka ya 1990, ambacho hutumiwa hasa na polisi, zimamoto, viwanja vya ndege na mashirika makubwa. Mwaka 2005 ikatoa kiwango cha DMR, maana yake redio ya dijitali ya watu walio safarini, kilicholengwa wafanyabiashara wa kawaida. Marekani nako kuna kiwango cha P25, ambacho kazi yake ilianza mwaka 1989 kwa ajili ya vyombo vya usalama.

SOMO LILILOKWISHA KUPITA: SIMU ZA MKONONI

Mfanyabiashara mwenye shaka juu ya faida ya viwango huria aangalie simu iliyo mfukoni mwake. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza huduma mwaka 1994 kwa mfumo wa analojia. Wakati huo Ulaya ilikuwa tayari imeanza kutumia GSM, kiwango huria ambacho mtandao wake wa kwanza wa biashara ulifunguliwa Finland mwaka 1991. Vodacom ilipoingia nchini mwaka 2000 ilikuja na GSM, na kiwango hicho ndicho kilichotawala.

Matokeo yake kila mtu anayajua. Simu iliyonunuliwa dukani Moshi mjini inaweza kutiwa laini ya kampuni yoyote. Simu kutoka viwanda vingi hufanya kazi katika mtandao mmoja. Kampuni ya simu nayo inaweza kununua mitambo ya minara kutoka Ericsson, Nokia au Huawei, na kuwashindanisha wauzaji hao wakati wa zabuni. Tangu Machi 2017 mteja nchini Tanzania anaweza hata kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Yote hayo yasingewezekana kama kila kampuni ingekuwa na lugha yake hewani.

Redio za upepo zilichelewa kufika hapo. Kwa analojia, redio za kawaida za viwanda mbalimbali ziliweza kusikilizana zikiwekwa kwenye masafa yale yale. Uingereza ilichapisha mwaka 1988 kiwango kilichoitwa MPT 1327 kwa mitandao ya analojia yenye chaneli nyingi za kugawana, na viwanda vingi vikakifuata. Dijitali ilipokuja, hatari ya kufungwa ikawa kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu sauti iliyogeuzwa tarakimu haiwezi kusomwa na redio isiyojua kanuni zilizotumika. Ndiyo maana suala la kiwango ni zito zaidi kwa anayenunua redio za dijitali.

ZAMU MBILI KATIKA CHANELI MOJA

Namna DMR inavyofanya kazi si ngumu kueleweka. Chaneli moja ya redio yenye upana wa kilohezi 12.5, ambayo kwa analojia hubeba mazungumzo mamoja, hugawanywa katika zamu mbili. Kila zamu huchukua milisekunde 30. Redio ya kwanza hutuma katika zamu yake, hunyamaza, na nyingine hutuma katika zamu ya pili. Mabadilishano hayo ni ya haraka kiasi kwamba msikilizaji hasikii mkatiko wowote. Kwa hiyo masafa yale yale, na mtambo mmoja wa kurusha upya sauti unaoitwa ripita, hubeba mazungumzo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa mwenye biashara faida hiyo inahesabika. Kampuni ya utalii inaweza kuweka waongozaji wa watalii katika zamu moja, na madereva na wahudumu wa stoo katika zamu ya pili, bila kununua ripita nyingine. Aidha, kwa kuwa redio inayozungumza hutuma nusu tu ya muda, betri hudumu zaidi. Hilo ni jambo la maana katika kambi ambako baridi hupunguza nguvu ya betri na hakuna mahali pa kuchajia.

Kiwango cha DMR kimegawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni redio ndogo za nguvu hafifu ambazo Ulaya hutumiwa bila leseni. Ngazi ya pili ni redio za kawaida zenye leseni, pamoja na ripita zake, na ndiyo inayowafaa wafanyabiashara wengi. Ngazi ya tatu ni mitandao mikubwa ambamo mtambo wa kati hugawa chaneli kwa anayezihitaji. Mnunuzi anapaswa kujua anauziwa ngazi ipi, kwa kuwa redio ya ngazi ya pili si lazima iweze kufanya kazi katika mtandao wa ngazi ya tatu.

Redio nyingi za DMR zinaweza pia kufanya kazi kwa analojia. Hivyo mwenye redio kuukuu halazimiki kuzitupa zote siku moja. Anaweza kubadili kidogo kidogo kadiri mtaji unavyoruhusu.

MLIMA NA MAWIMBI

Kilimanjaro yenye kimo cha mita 5,895 ni msaada na pia ni kikwazo kwa redio. Mawimbi yanayotumika katika redio hizi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena iliyowekwa juu huona mbali, lakini mabonde marefu na kuta za miamba hukata mawimbi. Mtu aliye upande wa Machame hawezi kutarajia kusikilizana moja kwa moja na mwenzake aliye upande wa Rongai wakati mlima mzima umesimama katikati yao. Kiwango kizuri hakibadilishi ukweli huo. Kinachobadilisha ni mahali pa kuweka ripita na antena.

Ipo tofauti moja ambayo waongozaji wanapaswa kufundishwa. Redio ya analojia hufifia taratibu, na kelele huongezeka kadiri mtu anavyokwenda mbali, hivyo masikio hupata onyo. Redio ya dijitali hubaki safi hadi mwisho wa eneo lake, kisha sauti hukatika ghafla. Mwenye kampuni asiyefanya majaribio ya njia nzima kabla ya kulipa fedha anaweza kugundua mpaka huo siku ambayo mgeni ameugua kambini.

Usalama ni sehemu ya hesabu hii. Oktoba 2020 moto uliwaka katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kazi ya kuuzima iliwakusanya askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi na wananchi kwa mamia. Katika tukio la namna hiyo watu wa taasisi nyingi hukutana katika msitu mmoja, kila kundi na vifaa vyake. Redio zinazofuata kiwango kimoja zinaweza kuwekewa chaneli ya pamoja ya dharura kwa makubaliano na kibali. Redio zenye lugha za siri haziwezi, hata kama wenyewe wangependa.

HESABU YA MFANO

Takwimu zifuatazo si bei za soko, bali ni hesabu ya kufundishia. Kampuni ya kupandisha watalii inahitaji redio 20 za mkononi na ripita moja. Muuzaji wa kwanza ana mfumo wa siri wa kiwanda kimoja. Anauza redio kwa Sh. 450,000 na ripita kwa Sh. 4,000,000, jumla Sh. 13,000,000. Muuzaji wa pili ana mfumo wa kiwango huria. Anauza redio kwa Sh. 500,000 na ripita kwa Sh. 5,000,000, jumla Sh. 15,000,000. Kwa haraka haraka muuzaji wa kwanza ni nafuu kwa Sh. 2,000,000.

Katika miaka mitano inayofuata redio nne hupotea au kuharibika kila mwaka, yaani jumla 20. Muuzaji wa mfumo wa siri, akijua kuwa mteja hana pa kwenda, hupandisha bei hadi Sh. 700,000, na mteja hulipa Sh. 14,000,000. Katika mfumo huria maduka matatu hushindana na bei hushuka hadi Sh. 450,000, na mteja hulipa Sh. 9,000,000. Baada ya miaka hiyo mfumo wa siri umegharimu Sh. 27,000,000 na mfumo huria Sh. 24,000,000. Unafuu wa Sh. 2,000,000 umegeuka kuwa hasara ya Sh. 3,000,000.

Hesabu huwa mbaya zaidi kiwanda kikifungwa au kikiacha kutengeneza aina ile. Mwenye mfumo wa siri hulazimika kuanza upya na kulipa kama Sh. 15,000,000 nyingine. Mwenye mfumo huria hununua kwa kiwanda kingine na kuendelea. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la redio lisiishie siku ya kununua.

MAHALI UHURIA UNAPOKOMA

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Neno DMR likiandikwa kwenye boksi halimaanishi kuwa kila kitu ndani yake ni huria. Kiwango kimechapisha mambo ya msingi ya hewani, kama vile kuita kikundi, kuita mtu mmoja na kubeba sauti. Mambo mengine kiwanda hujiongezea.

Kwanza, programu ya kubana sauti haimo katika kiwango chenyewe. Viwanda vya DMR vilikubaliana kutumia programu ya kampuni moja ya Marekani, DVSI, ili redio zao zisikilizane, na programu hiyo inahitaji leseni. Pili, njia za kuficha mazungumzo hutofautiana. Redio mbili zinaweza kusikilizana vizuri, lakini siri ikiwashwa zikaacha kuelewana. Tatu, kuunganisha ripita mbili za ngazi ya pili kwa njia ya intaneti kumefanywa na kila kiwanda kwa namna yake. Mwenye ripita moja Marangu na nyingine Moshi mjini asidhani kuwa anaweza kuchanganya viwanda viwili na vikaungana. Nne, betri, chaja na vipaza sauti vya begani haviko katika kiwango cha hewani. Redio mbili zinaweza kuzungumza lugha moja na bado zisishirikiane chaja.

Tano, na hili huwapata wengi, kuna neno la siri la kuingilia programu ya redio. Fundi aliyeweka chaneli akibaki na neno hilo peke yake, mwenye mali hawezi kumpa fundi mwingine kazi. Kiwango ni huria, lakini mteja amefungwa na fundi wa mtaani kwake.

Uwazi unahusu pia usalama. TETRA ni kiwango huria kwa sehemu kubwa, lakini kanuni zake za kuficha mazungumzo zilihifadhiwa kama siri kwa miaka mingi. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya Midnight Blue ya Uholanzi walitangaza kuwa wamekuta udhaifu ndani yake, na kwamba kanuni moja, TEA1, ilikuwa imepunguzwa nguvu kiasi cha kuweza kufunguliwa kwa kompyuta ya kawaida. Baadaye mwaka huo huo ETSI iliamua kuziweka kanuni hizo hadharani. Sehemu iliyofichwa haikupata macho mengi ya kuikagua, na kasoro yake ilikaa muda mrefu bila wateja kujua.

MFANO WA CHICAGO

Kesi moja ya nje inaonyesha thamani ya kuwa na mlango wa pili. Motorola Solutions ya Marekani na Hytera ya China ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa redio za DMR. Mwaka 2017 Motorola ilifungua kesi mjini Chicago ikidai kuwa siri zake za kibiashara na msimbo wa programu zake vilichukuliwa na waliokuwa wafanyakazi wake waliohamia Hytera. Februari 2020 jopo la mahakama liliamua Motorola ilipwe takriban dola milioni 765, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa. Aprili 2024 jaji aliamuru Hytera isimamishe kwa muda kuuza redio zake duniani kote, na amri hiyo ikasitishwa na mahakama ya rufaa baada ya wiki mbili hivi. Januari 2025 Hytera ilikiri mahakamani kosa la kula njama ya kuiba siri za kibiashara.

Mfanyabiashara ajifunze mambo mawili. La kwanza, kiwango huria kinampa kila kiwanda ruhusa ya kutengeneza kifaa kinachosikilizana na cha mwenzake, lakini hakimpi ruhusa ya kuchukua kazi ya ndani ya mwenzake. La pili, na ndilo linalomgusa mnunuzi, ni kwamba muuzaji mkubwa anaweza kusimamishwa ghafla na jaji aliye maelfu ya kilometa kutoka Moshi. Mteja ambaye redio zake zinafuata kiwango huria kwa kazi za msingi anaweza kujaza pengo kutoka Kenwood, Tait au kiwanda kingine cha DMR. Asiye na nafasi hiyo hubaki akisubiri hukumu.

JE, SIMU YA KAWAIDA HAITOSHI?

Swali hilo ni la haki. Agosti 2022 serikali, kupitia TTCL, ilizindua huduma ya intaneti ya kasi katika Mlima Kilimanjaro, ikianzia hadi Horombo kwenye mita 3,720. Zipo pia huduma za kuzungumza kwa kubonyeza kitufe kupitia mitandao ya simu, na tangu mwaka 2016 viwango vya kimataifa vya simu vimekuwa na sehemu inayohusu huduma hiyo kwa kazi za dharura. Hivyo nako kuna viwango huria, na mnunuzi aulize maswali yale yale.

Hata hivyo, redio ya upepo ina sifa ambayo simu ya kawaida haina. Redio mbili huzungumza moja kwa moja, bila mnara, bila vocha na bila umeme wa mtu mwingine. Bonyezo moja husikika na kikundi chote. Kwa wapagazi na waongozaji walio katika bonde lisilo na mtandao, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuita msaada na kumtuma mtu ashuke kwa miguu. Wenye busara hutumia vyote viwili, kila kimoja kwa kazi yake.

LESENI HAIEPUKIKI

Kiwango kuwa huria hakufanyi masafa kuwa huria. Masafa ni mali ya taifa, na husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanza kazi mwaka 2003 na yenye ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inahitaji kibali cha kutumia masafa, na vifaa navyo vinapaswa kuwa vya aina iliyoidhinishwa. Redio ya bei nafuu iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma inaweza kukamatwa, na pia inaweza kuingilia mawasiliano ya wengine. Gharama ya leseni iwekwe katika hesabu tangu mwanzo.

KWA MWEKEZAJI MDOGO

Mwenye hisa naye ana la kujifunza. Kampuni inayouza mfumo wa siri inaweza kupata faida nono kutoka kwa wateja waliofungwa, lakini faida hiyo hutetereka siku kiwango huria kinapofika sokoni. Pale kiwango kinapokuwa huria, kifaa hugeuka bidhaa ya kawaida na bei yake hushuka, na faida huhamia kwenye huduma, programu, matengenezo na uaminifu. Kampuni za simu ni mfano. Vodacom Tanzania ilipouza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa Sh. 850 kila moja, mnunuzi hakuwa akinunua teknolojia ya siri, kwani washindani walikuwa na teknolojia hiyo hiyo. Alikuwa akinunua wateja, minara, huduma ya M-Pesa na usimamizi. Anayesoma hesabu za kampuni yoyote ya mawasiliano ajiulize fedha zake zinatoka upande upi.

Kwa mwenye mtaji mdogo wa Moshi, uhuria huo hufungua pia mlango wa kazi. Kukodisha redio kwa kampuni ndogo za utalii katika misimu ya kupanda mlima, kubadili betri, kufunga antena na kuweka chaneli kwenye redio ni biashara ambazo fundi wa mjini anaweza kuzifanya kwa viwanda zaidi ya kimoja, mradi awe na vibali. Katika mfumo wa siri kazi hizo hubaki kwa wakala mmoja.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI

Kabla ya kutia saini, mnunuzi aandike majibu ya maswali haya na kuyaambatanisha na mkataba:

1. Redio hii inafuata kiwango gani kwa jina na ngazi, na je, inacho cheti cha majaribio ya kusikilizana na viwanda vingine? Chama cha watengenezaji wa DMR hutoa vyeti vya namna hiyo, na cheti hutaja kazi zilizojaribiwa.

2. Muuzaji yuko tayari kuleta redio ya kiwanda kingine na kuijaribu na ripita yake mbele ya mteja, kuanzia lango la hifadhi hadi kambi ya mwisho? Jaribio la dukani halitoshi.

3. Ni kazi zipi katika redio hii ni za kiwanda hiki pekee? Mteja aamue kama anazihitaji kweli, kwa kuwa kila moja anayoitegemea ni kamba inayomfunga.

4. Faili la chaneli na neno la siri la programu vitakabidhiwa kwa nani? Jibu sahihi ni mwenye mali.

5. Betri na chaja zinapatikana wapi, na kwa bei gani, muuzaji huyu asipokuwepo?

6. Vifaa vimeidhinishwa na TCRA, na masafa yameombwa kwa jina la nani? Leseni iliyo kwa jina la muuzaji humfunga mteja hata kama redio ni huria.

Muuzaji mwaminifu hatakerwa na maswali hayo. Akikataa la pili, yaani kujaribu redio ya mshindani kwenye ripita yake, mnunuzi atakuwa ameokoa fedha zake bila gharama yoyote, na aende duka linalofuata.